Kiatu cha Masika kwa Mama Asiye na Muda wa Kufunga Kamba

SWALI

Shikamoo, mama mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Uru, na ni keshia katika chama cha kuweka na kukopa mjini Moshi. Kila siku ya kazi ninatoka nyumbani saa 12 na robo asubuhi, mdogo akiwa mgongoni, wa pili nimemshika mkono na wa kwanza ametangulia na mabegi, tukiteremka njia ya udongo mwekundu kwa dakika 20 hivi mpaka barabara ya daladala. Wakubwa ninawaacha shuleni, mdogo kwa bibi yake, kisha ninaendelea mjini ambako ninasimama kaunta hadi saa 10 jioni, na nikitoka ninapitia soko la Mbuyuni kabla ya kurudi.

Tangu masika yaanze sijafika kazini na miguu mikavu. Nilianza na raba za kitambaa, zikawa zinanyonya maji kama sifongo. Nikanunua gambuti, hizo kweli hazikuingiza maji, lakini ikifika saa 4 miguu inaungua na kunuka, na bosi wangu aliniuliza mbele ya wateja kama nimetoka kupalilia kahawa. Mwezi uliopita kijana mmoja anayetembeza viatu aliniuzia vya ngozi, vya mtumba, kwa shilingi 45,000, akiniapia kuwa ni 'wotaprufu', na hata neno lenyewe limechapwa pembeni. Nilivipeleka kwa fundi akavishona soli ili vidumu, nikavivaa, na siku ya kwanza ya mvua soksi zikalowa kabla sijafika barabarani. Isitoshe vinanibana vidole, ingawa ni namba 38 niliyoivaa tangu nikiwa sekondari. Ninataka kiatu kimoja cha kila siku kisichoingiza maji, kisichoniumiza, kinachofaa ofisini, na ambacho ninaweza kukivaa bila kuinama nikiwa na mtoto mgongoni. Je, kipo?

Mama wa Watatu, Uru

JIBU

Marahaba, mama. Kipo kinachokaribia sana, ila kabla hatujakifikia nina jambo la kukuambia kuhusu yule kijana: huenda hakukudanganya. Ninamshuku zaidi fundi wako, ambaye naye hakufanya kosa lolote isipokuwa lile ulilomtuma.

Hapa kwetu mtu akinunua kiatu cha mtumba, kituo cha kwanza ni kibanda cha fundi, na ombi la kwanza ni soli ishonwe kuizunguka, kwa sababu sote tumewahi kuachwa njiani na soli iliyofunguka mdomo kama mamba. Lakini kiatu kilichotengenezwa ili kisipitishe maji mara nyingi kimebandikwa soli kwa gundi au kwa kumiminiwa mpira wa moto, kusudi pasiwe na tundu hata moja chini ya usawa wa maji. Ndani yake, kati ya ngozi na bitana, huwa kuna utando mwembamba uliokaa kama soksi, na utando huo ndio unaozuia maji. Sindano nene ya fundi inapopita kutoka kwenye soli kwenda juu, inatoboa soli, inatoboa ngozi, na inautoboa utando nao, tundu moja kwa kila shono, kiatu kizima. Chukua kimoja cha viatu vyako, toa soli ya ndani, ingiza mkono mpaka kwenye vidole na upapase ukingoni: ukiukuta uzi, umeupata mlango wa maji.

Sisemi usiende kwa fundi. Sema naye tofauti. Mwambie aisafishe sehemu iliyoachia, aikwangue kwa msasa, apake gundi pande zote mbili, aiache ishike kabla ya kuibana, kisha aikandamize usiku kucha. Akisisitiza kushona, na wengi watasisitiza kwa kuwa ndiyo kazi wanayoiamini, basi apitishe gundi juu ya nyuzi zote, ndani na nje, baada ya kumaliza. Kwa viatu ulivyo navyo hilo ndilo ningelijaribu kwanza, kwani shilingi 45,000 si za kutupa, ijapokuwa utando uliokwisha kutobolewa haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Kuhusu huo utando wenyewe, neno lake linafaa kueleweka kwa sababu wauzaji wanalitaja sana. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na jaribio la Bob Gore huko Marekani mwaka 1969, alipoivuta kwa nguvu na kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE, ya jamii ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, nayo ikatanuka na kujaa vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupenya vitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho unaweza. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo pia ndipo unapopungukiwa kwetu, maana mvuke hutoka upesi ikiwa nje kuna baridi au ukavu kuliko ndani ya kiatu. Asubuhi ya Uru yenye ukungu utaufurahia. Mchana wa Moshi mjini mwezi wa tatu, wakati hewa ya nje imekaribia kuwa na joto na unyevu sawa na wa ndani ya kiatu, jasho halina pa kukimbilia, na jioni utavua soksi iliyolowa ukadhani ni mvua. Halafu maji yakikuingilia kwa juu, tuseme umekanyaga mfereji, utando ule ule unayafungia ndani, na kiatu kitachukua siku mbili kukauka.

Kwa hiyo kwa maisha uliyonieleza, mama, mimi nisingeufukuzia utando. Ningetafuta buti fupi ya ngozi laini iliyo nzima, inayofika juu kidogo ya kifundo cha mguu, yenye mpira wa kuvutika pembeni badala ya kamba, na kitanzi nyuma cha kuvutia. Sababu ni mbili. Unaingiza mguu na kuvuta kitanzi ukiwa umesimama, hata kama mtoto amelala mgongoni. Halafu buti ya namna hiyo haina ulimi, na ulimi ndiyo sehemu inayovujisha maji kuliko zote katika viatu vya kamba, kwa kuwa pande zake mara nyingi zimeachwa wazi tangu chini. Ukipenda vya kamba licha ya hayo, ufunue ulimi na uangalie kama umeunganishwa pande zote mbili kwa kipande laini kinachokunjika, mfano wa pembeni mwa mkoba; usipokuwa hivyo, hata ngozi iwe ya nyati, maji yataingia pale kamba zinapoanzia.

Katika buti yenyewe pima mpira wa pembeni unaanzia wapi. Mpira ule ni kitambaa kilichofumwa, nao unapitisha maji, kwa hiyo ukishuka mpaka karibu na soli hautakusaidia kitu. Weka vidole vitatu juu ya soli. Mpira uanze juu ya hapo. Hesabu na mishono: ngozi ya kipande kimoja kutoka vidoleni hadi ubavuni ni bora kuliko iliyoungwaungwa viraka na nakshi, kwa kuwa ngozi nzuri huchelewa kuvuja, kinachovuja kwanza ni mshono. Viatu vya ngozi vinavyotengenezwa hapa hapa Moshi, katika kiwanda cha Karanga, vinastahili kuangaliwa kwa jicho hilo hilo. Cheusi au kahawia iliyokolea kitamnyamazisha bosi wako.

Sasa namba. Umeivaa 38 tangu sekondari, na katikati hapo umezaa mara tatu. Ujauzito hulegeza mishipa inayofunga mifupa, uzito nao huushusha upinde wa unyayo, na kwa wanawake wengi mguu hurefuka kidogo na haurudi. Si ajabu unabanwa. Tofauti ya namba 38 na 39 ni karibu milimita 7 tu, ukubwa wa punje nene ya harage, lakini kwa anayesimama kaunta siku nzima ni kubwa mno. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyokuwa saa 10 kazini, ukiwa umevaa soksi utakazovaa, miguu yote miwili, kwa kuwa mmoja huwa mkubwa. Ukisimama, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya sentimita moja. Kiatu kinachohitaji 'kuzoeleka' mimi sikinunui. Miaka niliyokuwa nikifundisha nilivizoea vingi kwa namna hiyo, na vidole vyangu vidogo hadi leo vimelala ubavu.

Kwa soli, bonyeza kwa ukucha. Mpira mzuri unakubali alama kisha unarudi; plastiki ngumu haikubali, na hiyo ndiyo inayokurusha kwenye vigae vilivyolowa mlangoni mwa ofisi. Meno ya soli yawe na nafasi kati yake, kwani udongo wetu mwekundu ukiingia kwenye vifereji vyembamba haubanduki, na baada ya hatua kumi unatembea juu ya chapati ya tope. Tena uwe macho na soli nyepesi zenye mapovu ndani, hasa za buti za kupandia mlima. Buti hizo zimejaa mjini, nyingine wageni wamewaachia wapagazi na waongozaji wakazileta sokoni, na huonekana mpya kabisa. Lakini soli hizo za mapovu, nyingi za plastiki iitwayo poliyurethini, huliwa na unyevu wa hewa polepole hata zikikaa kabatini bila kuvaliwa, na siku unapozivaa zinamomonyoka kama andazi la juzi. Ikunje soli, ukiona nyufa ndogondogo kama za tope lililokauka, au ikinata na kuacha unga kidoleni, rudisha. Viatu vingi vina lebo ndani ya ulimi au shingoni yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, nayo haichakachuliwi kwa sababu hakuna anayeisoma.

Ukishakipata, usiamini neno lililochapwa. Kwanza yapo maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana: 'waterproof' ndilo linalodai kuwa maji hayapiti, ilhali 'water resistant' linadai tu kuwa kiatu kitavumilia manyunyu. Pili kiatu cha mtumba kimeshaishi maisha yake. Mwaka jana nilikwenda soko la Memorial kumtafutia mwanangu viatu, nikachagua jozi mbili, moja yenye neno hilo kwa herufi kubwa na nyingine haina neno lolote, nikamwomba muuzaji beseni. Alidhani ninataka kunawa. Nilijaza gazeti ndani ya kiatu kimoja cha kila jozi, nikamimina maji ya kina cha vidole viwili, nikavisimamisha humo na kuanza kuvikunjakunja pale vidole vinapokunjika, kwani kiatu kilichotulia hakivuji kama kinachotembea. Vijana wa meza za jirani wakaja kumtazama bibi anayeogesha viatu. Baada ya dakika kumi tulitoa magazeti: la ile jozi yenye neno lilikuwa limelowa ukurasa mzima, la ile nyingine lilikuwa kavu, na muuzaji, kwa heshima yake, akazitenga zile zilizovuja kando ya meza. Akikukatalia beseni, patana naye kwamba utavijaribu nyumbani na kuvirudisha kesho yake. Akikataa na hilo, Kiboriloni pia kuna mitumba.

Kinachobaki ni nta. Nunua nta ya nyuki kwa wauza asali, yeyusha kijiko kimoja pamoja na vijiko viwili vya mafuta ya alizeti katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe, na ikiwa vuguvugu uipake kwa kitambaa kwenye mishono yote na pale ngozi inapokutana na soli. Fanya hivyo kila wiki mbili wakati wa masika. Ngozi itakolea rangi kidogo, na nta hiyo haifai kwa ngozi ya manyoya, ile ya suedi. Sehemu nyingine paka dawa ya kopo, yenye nta ndani yake. Ile ya maji yenye sponji inang'arisha tu.

Wala usiziuze gambuti. Zipo siku za mwezi wa nne ambazo njia ya Uru inageuka mto, na siku hizo hakuna buti ya ofisini itakayokutosha. Fanya kama akina mama wengi wa huko juu, wanaoteremka na gambuti, wakanawa kwenye genge la barabarani na kubadilisha. Shida ni pa kuziweka: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni 2019, hii mifuko mbadala inapitisha tope hadi kwenye sketi ya jirani yako katika daladala. Mimi ninatumia kiroba cha mchele kilichokatwa nusu na kupindwa mdomo.

Na soksi zisichungulie nje ya buti. Soksi nene ya pamba inayotokeza juu hufyonza mvua kama utambi na kuishusha mpaka kwenye vidole, hata kiatu kikiwa kizima.

SWALI

Shikamoo, mama. Mimi ni baba wa mapacha wa darasa la pili, ninaendesha bodaboda Arusha, na mama yao anafanya kazi ya zamu, kwa hiyo viatu vya shule ni jukumu langu. Kila jioni vinarudi vimelowa. Nimekuwa nikiviegesha karibu na jiko la mkaa usiku ili vikauke, na sasa vyote vinne vimeachia soli na ngozi imekakamaa. Niviweke wapi?

Baba Pacha, Sakina

JIBU

Marahaba, baba. Popote, ila si hapo. Gundi ya viatu hulainika kwa joto na ngozi iliyolowa hujikunja inapokaushwa haraka, ndiyo maana umepata hasara mbili kwa moto mmoja. Na kama jiko hilo unaliacha likiwaka ndani watoto wakiwa wamelala, basi acha leo, viatu vikauke visikauke, kwa kuwa hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha.

Vinapofika tu, osha tope kwa maji ya baridi, toa soli ya ndani na uisimamishe peke yake, fungua kamba hadi chini, kisha jaza gazeti lililokunjwakunjwa mpaka kwenye ncha. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kulibadilisha: baada ya saa moja gazeti limeshakunywa kiasi chake, na ukiliacha hadi asubuhi linahifadhi maji badala ya kuyatoa. Badilisha mara mbili kabla ya kulala, halafu uvilaze ubavu juu ya kitu chenye uwazi chini, kama chekeche la zamani au kreti ya soda, mahali penye upepo. Kwa Arusha, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hata hivyo havitakauka kabisa. Ukiweza, wape jozi mbili za bei ya kawaida zinazopokezana badala ya jozi moja ya bei kubwa. Kwa mapacha hiyo ni jozi nne, najua.

Hivyo vilivyoachia soli mpelekee fundi, na umsomee niliyomwandikia Mama wa Watatu kuhusu gundi.

SWALI

Mama mshauri, mimi nimeamua kuvaa yeboyebo masika yote, dukani kwangu na sokoni, na mama mkwe anasema ninamwaibisha. Nani ana haki?

Mwenye Yeboyebo, Majengo

JIBU

Dukani kwako, wewe. Yeboyebo ni povu la plastiki lisilonyonya maji, unalipangusa kwa kitambaa na limekauka, na lile lililozibwa mbele lisilo na matundu ni kiatu kizuri cha mvua kwa mtu asiyetembea mbali. Ligeuze tu ulitazame chini kila mwezi, kwa sababu meno yake huisha mapema kuliko mtu anavyodhani, na likishakuwa laini kama kiganja, kwenye vigae vya sokoni vilivyomwagikiwa maji ya samaki halifai tena. Msibani na kanisani msikilize mama mkwe.